Nimeacha kula usiku, mbona kilo zimerudi?

SWALI: Niliacha chakula cha usiku, nikapungua kilo 5 kwa wiki tatu. Sasa zimerudi zote, na nyongeza juu. Tatizo ni nini? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Ukipungua kwa kasi hiyo, unapoteza pia maji na misuli, na njaa inakusubiri. Kula usiku, ila upange sahani upya: nusu mchicha au kabichi, robo maharage au dagaa, robo ugali.

Halafu angalia sufuria, maana watu hulaumu ugali bure. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kalori kama 120. Ukimimina moja kwa moja kutoka kwenye dumu, vijiko vinne au vitano hupita hivi hivi. Pima, viwili vinatosha mboga ya watu wanne. Chai nayo: vikombe vinne, kila kimoja vijiko vidogo vitatu vya sukari, ni karibu kalori 190 kwa siku. Punguza nusu kijiko kila wiki, ulimi utazoea.

Tembea haraka dakika 30, siku tano kwa wiki. Lenga kupungua nusu kilo kwa wiki, na ujipime mara moja tu, asubuhi kabla ya chai. Kama unatumia dawa za kisukari, mwone daktari kwanza: ukipunguza chakula ghafla, sukari inaweza kushuka mno.