HP-11C isiyo na kitufe cha "sawasawa": ianzie kwenye maji ya bamvua

Ndugu yangu wa Malindi, umesema mjomba wako aliyefanya kazi na Waitaliano pale Ngomeni amekuachia kikokotoo cha HP-11C. Hakina alama ya sawasawa (=), desimali zinatoka na mkato badala ya nukta, na ukibonyeza 5 + 3 kinabaki kuonyesha 3. Basi hicho ni kizima, hakina ugonjwa wowote. Mimi niko Lamu, ninacho kama hicho na bado nakifanyia kazi.

Mkato ndio mwepesi. Kizime, shikilia ON, bonyeza kitufe cha nukta, achia ON, kisha achia nukta. Waitaliano huandika desimali kwa mkato, na mjomba alikipanga kwa mazoea ya kazini kwake. Fanya vivyo hivyo kwa ON na kitufe cha kuzidisha: kitajipima, kisha kioo kitajaa 8 tupu. Kikiandika Error 9, hapo ndipo utafute fundi. Kinyota kikipepesa pembeni mwa kioo, betri zinakwisha. Ni vidonge 3 vya LR44. Ukikuta ukijani kwenye vyuma vya betri (kwa hewa ya chumvi yetu utaukuta), pangusa kwa pamba yenye siki kidogo, ukaushe vizuri. Ukizima tu, programu hubaki ndani. Betri zikikaa nje, programu zinapotea, kwa hiyo kila programu iwe na nakala kwenye daftari.

Na wanaokwambia kilihesabu safari ya setilaiti ya Uhuru, wacheke tu. Uhuru ilirushwa kutoka Ngomeni 12 Desemba 1970. HP-11C ilitoka 1981.

Sasa kiini. Kikokotoo hiki hufuata mtindo uliotokana na kazi ya mwanamantiki wa Poland, Jan Łukasiewicz: namba kwanza, kitendo baadaye. 5 ENTER 3 + inakupa 8. Ndani mna rundo la nafasi 4, X chini kabisa, ndiyo unayoiona, kisha Y, Z na T. Ni kama shehena ya jahazi: iliyopakiwa mwisho ndiyo hushushwa kwanza. Jaribu (12 + 8) × (15 − 6): bonyeza 12 ENTER 8 +, halafu 15 ENTER 6 −, halafu ×. Ile 20 ilipanda hadi Z, ikashuka tena Y ikingoja, hukuiandika popote, na jibu ni 180. Chora nafasi hizo 4 kwenye karatasi, na kila ukibonyeza andika kilichomo. Usiguse programu mpaka uweze kusema kilichomo Y bila kukitazama. Wengi wanaruka hatua hii, ndiyo maana vikokotoo hivi vinaishia kabatini.

Ukifika kwenye programu, achana na mifano ya kitabu, chukua hesabu unayoihitaji. Sisi wa huku hesabu yetu ni maji. Kwenye bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hupwa karibu na saa nne na kujaa karibu na saa kumi, na mwenye kupita mkondo wa Mkanda kwenda kisiwa cha Pate anataka kujua kina saa fulani. Tuseme jedwali, linalohesabu saa 24 kuanzia usiku wa manane, limeandika kupwa mita 0.4 saa 10:06 na kujaa mita 3.6 saa 16:18. STO huhifadhi namba, RCL huirudisha; f na g ni vitufe vya rangi, huita maandishi ya rangi yao kwenye kitufe kinachofuata. Weka 0.4 STO 1, kisha 3.6 STO 2. Muda wa katikati: 16.18 g →H, 10.06 g →H, −, STO 3. Utaona 6.20, yaani masaa 6.2. Ile →H ndiyo inayogeuza dakika kuwa desimali. Nimeona kalkuleta ghali zaidi ya hii zikiificha ndani ya menyu tatu.

Programu yetu inachukulia kwamba maji hupanda kwa mkunjo wa kosaini (COS) kutoka kupwa hadi kujaa. Bonyeza g P/R uingie hali ya kuandika, futa kwa f CLEAR PRGM, kisha fuata hivi:

f LBL A, g →H, RCL 3, ÷, 1, 8, 0, ×, COS, CHS, 1, +, 2, ÷, RCL 2, RCL 1, −, ×, RCL 1, +, g RTN

Ni mistari 21 tu, na nafasi ipo hadi 203. Kioo hakitaandika majina bali namba za safu na nguzo za vitufe: mstari wa kwanza ni 42,21,11, maana f iko safu ya 4 nguzo ya 2, na kuendelea. Zoea kuzisoma, ndivyo utakavyokagua. Toka kwa g P/R. Andika 2.30, maana yake masaa mawili na nusu baada ya kupwa, kisha f A. Jibu ni mita 1.52.

Ukipata 3.52, tazama kioo, kuna neno RAD. Pembe zinasomwa kwa radiani, na kikokotoo kimekuongezea mita 2 za maji ambayo hayapo. Bonyeza g DEG. Digrii hazionyeshwi kwa alama yoyote, kwa hiyo kioo kisicho na neno ndicho unachokitaka. Hata jibu likiwa sahihi ni makisio. Pepo za kusi haziingii kwenye kosaini, na nahodha mwenye upondo mkononi ana haki ya kukubishia.

Lebo B iandike mwenyewe, iwe kinyume cha A: unakipa kina, kinakupa muda. Utahitaji g COS⁻¹, na f →H.MS mwishoni. Kwa mita 2.5 ikikupa 3.43, masaa matatu na dakika 43 baada ya kupwa, umeipata.