Akikuchomekea, mwache apite

Kaka, umeuliza ufanyeje daladala ikikuchomekea pale Mwenge, halafu konda anatoa kichwa dirishani kukutukana. Usimjibu. Dereva wake anawahi hesabu ya bosi, wewe unawahi nyumbani, mtagombania nini? Pandisha kioo, toa mkono kwenye honi, mwachie nafasi hata kama haki ni yako. Usimkodolee macho pia, maana wengine hapo ndipo wanaposhuka. Akishuka kweli, usifungue mlango: piga loki, na ukipata upenyo ondoka taratibu hadi alipo trafiki au kituo cha mafuta chenye watu. Namba ya gari ikariri, polisi wapigie 112. Na foleni ya jioni, kusema kweli, usiingie na njaa.