Jibu: Mchoraji wa gemu za sarafu alikuwa na kazi ya maana?

Mkuu, umeuliza kama wachoraji wa zile mashine za zamani za kutumbukiza sarafu walikuwa na kazi ya maana, au walipamba masanduku tu. Mtazame Python Anghelo. Alizaliwa Romania, akahamia Marekani, akafanya kazi na Williams ya Chicago, kampuni iliyotengeneza mashine hizo. Alikuwa miongoni mwa wasanii wa Joust (1982), ile ya wapiganaji wenye mikuki waliopanda mbuni wanaoruka.

Kumbuka skrini za wakati ule zilionyesha vijisanduku vya rangi. Mchoro wa ubavuni ndio uliomwambia mchezaji anaingia dunia gani, tena ndani ya ukumbi wenye kelele na mashine kibao zinazomwita. Na uchapaji haukuwa na huruma: kila rangi ilichapwa peke yake, kwa hiyo mchoraji alilazimika kuipanga picha rangi kwa rangi tangu mwanzo. Kwangu mimi huo ni ufundi wa hali ya juu.

Kwenye pinboli, zile mashine za kupiga kigololi cha chuma juu ya meza yenye mteremko, ndiko alikong'ara zaidi: Comet, PIN·BOT, Cyclone. Kioo chenye picha kilicho juu ya mashine humulikwa kwa nyuma, hivyo taa nazo ni sehemu ya picha. Itafute picha ya kioo cha Cyclone (1988) uikuze: utawaona Ronald Reagan, rais wa Marekani wa wakati huo, na mkewe Nancy ndani ya kigari cha burudani. Anghelo alifariki 2014, na mashine zake bado zinakarabatiwa na kuchezwa.