Vikapu vyangu vinatoka vya njano pichani: ninunue simu gani?

SWALI: Nasuka vikapu vya ukindu na kuviuza kwa WhatsApp na Instagram. Napiga picha jioni sebuleni nikishamaliza kazi. Ukindu mweupe unatoka wa njano, na nyekundu inakuwa kama tofali. Mteja wa Nairobi amerudisha vikapu viwili, anasema si rangi aliyoiona. Nimeshauriwa ninunue simu ya megapikseli 108, au taa ya duara, au nilipie filta za rangi. Nianze na kipi?
Msukaji, Pangani

JIBU: Usianze na chochote kati ya hivyo vitatu, dada. Hela hiyo inunulie ukindu.

Picha ya wima ya Instagram yenye pikseli 1080 kwa 1350 haifikii hata megapikseli moja na nusu, yaani vitone milioni moja na nusu. Simu ya megapikseli 12 inakupa mara nane ya hizo. Na hizo simu za 108, ukiziacha zilivyotoka dukani, kwa kawaida huunganisha pikseli tisa kuwa moja na kukupa picha ya megapikseli 12 ileile. Muuza simu hakuambii hilo.

Kinachoharibu picha zako ni sebule. Jioni una taa ya njano darini, Kelvini 2700 au 3000 (kipimo cha rangi ya mwanga, K kwenye boksi), na papo hapo dirishani unaingia mwanga wa nje ulio wa bluu zaidi. Kamera husawazisha weupe kwa kukisia mwanga mmoja. Ikiufuata wa dirishani, upande wa kikapu ulioelekea taa unageuka njano. Ikiifuata taa, upande wa pili unakuwa bluu. Ndiyo maana filta haitakusaidia: inasukuma picha nzima upande mmoja. Ukitoa njano hapa, umeongeza bluu pale. Filta zinazouzwa kwa mafungu nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya ngozi za watu na picha za harusi, na anayekuuzia hajawahi kukiona kikapu chako. Atajuaje nyekundu yako ni ipi?

Taa ya duara nayo hutumiwa zaidi kwa uso. Ukiiweka mbele ya kikapu inafuta vivuli vyote, na msuko hauonekani bila kivuli: ukili unakuwa bapa kama karatasi iliyochorwa. Kwa wauza shanga ni balaa zaidi, kila ushanga unabeba kiduara cheupe. Halafu LED nyingi za bei rahisi ni dhaifu kwenye mwanga mwekundu hasa, hata boksi likiandikwa 6500K. Namba hiyo inasema taa ni ya njano au ya bluu kiasi gani, haisemi kama itaionyesha nyekundu ipasavyo. Kama taa ya sebuleni kwako ni LED ya aina hiyo, sehemu kubwa ya tofali lako inaweza kuwa imetoka hapo.

Fanya hivi. Zima taa zote za ndani, hata ya jikoni ikiwa mlango uko wazi. Weka meza kando ya dirisha au mlango usiopigwa na jua moja kwa moja, kikapu kiwe mita moja hivi kutoka mwangani, mwanga ukitoka ubavuni. Mashauri mengi ya mtandaoni yatakwambia utafute dirisha la kaskazini. Hayo ni ya Ulaya na Marekani. Kwetu, Aprili hadi Septemba jua la adhuhuri liko kaskazini, na Novemba hadi Februari liko kusini. Angalia kivuli sakafuni, usiangalie dira.

Chukua manila nyeupe ya ukubwa wa A1, ibandike ukutani kwa juu na uiache ishuke mezani kwa kujikunja polepole, bila kukunjwa pembe. Manila ya pili isimamishe upande usio na dirisha, sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye kikapu, irudishe mwanga kidogo. Kivuli kikififia mno, isogeze mbali. Ukipigia barazani, tazama juu na chini: turubai la bluu, ukuta wa kijani, hata kanga nyekundu uliyojifunga, vyote vinamwaga rangi yake kwenye ukindu mweupe.

Futa lenzi kwa kitambaa safi cha pamba, maana mafuta ya vidole huleta ukungu. Zima flashi, zima ile alama ya AI (akili bandia) inayokoleza rangi. Rudi nyuma mita moja na nusu na utumie zumu ya 2x. Ukisogea karibu kwa 1x, mdomo wa kikapu unavimba na kitako kinasinyaa, na mteja anadhani kimepinda. Bonyeza kikapu kwenye kioo na ushikilie hadi fokasi na mwangaza vifungwe, kisha pandisha mwangaza kidogo, kwa sababu kamera ikiona weupe mwingi hufanya picha nzima kuwa ya kijivu. Kwa kinyago cha mpingo ni kinyume: shusha, la sivyo mweusi unatoka kama majivu.

Picha ya kwanza ya kila kikapu ipige ikiwa na kipande cha karatasi nyeupe kando yake, kwenye mwanga uleule. Ukindu usiotiwa rangi ukijaza picha nzima, kamera hudhani ule unjano ni wa taa na kuutoa. Karatasi inakupa pa kupimia: kwenye Snapseed, programu ya kuhariri picha, fungua kifaa cha weupe (White Balance), chukua kitoneshi, ile alama ya kuchukulia rangi, gusa karatasi, kisha vipimo hivyo vitumie kwa picha zote za kikapu hicho. Kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti badala ya picha, isibanwe.

Kuna jambo jingine linalozidi kuenea, na hili nawaambia wauzaji wote wa kazi za mikono: programu zinazojinadi kuwa zinaboresha picha au kubadilisha mandhari kwa akili bandia. Nyingi hazisafishi, zinachora upya. Mistari 14 ya zambarau inarudi 12, mshono wa mkono unakuwa wa cherehani, mkia wa ukili uliobaki pembeni unakatwa pamoja na ukuta. Picha inapendeza kuliko kikapu chenyewe, mteja analipa, mzigo unafika, anahesabu mistari. Linganisha kila picha na kikapu kikiwa mkononi mwako mchana, kabla ya kuituma. Kama hivyo viwili vilivyorudishwa havijachafuka, anza navyo.