Mwalimu Anajibu: Daktari wa Rorke's Drift

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mwanangu yuko kidato cha tatu, kaja nyumbani na habari za James Henry Reynolds, daktari wa jeshi la Uingereza aliyepewa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Waingereza, katika vita na Wazulu wa Afrika Kusini. Anasema huyo bwana alikuwa mzaliwa wa Ireland. Nijuavyo mimi, Ireland nayo ilitawaliwa na Waingereza. Sasa mtu aliyetawaliwa anakwendaje kumsaidia mtawala wake kupora wengine? Na ushujaa wa namna hiyo tuuhesabu ushujaa? – Mama Msomaji, Kisauni, Mombasa.

JIBU: Marahaba mwanangu. Wengi wangekujibu kwa neno moja tu: njaa. Na si uongo. Mwaka 1830, katika kila askari kumi wa jeshi la Uingereza, takriban wanne walikuwa Waairishi, na wengi wao walifuata mshahara na sahani ya chakula. Lakini Reynolds hayumo katika kundi hilo. Alizaliwa Kingstown, bandari iliyo karibu na Dublin, Februari 1844, kwenye familia yenye uwezo. Akasoma Trinity College, akahitimu udaktari, na mwaka 1868 akaingia idara ya tiba ya jeshi. Kwa kijana msomi wa Dublin wa wakati ule, hiyo ilikuwa ajira nzuri yenye cheo na pensheni. Alipelekwa India kwanza, akasifiwa kwa kazi yake wakati wa kipindupindu, kisha Afrika Kusini.

Hapo nisimame kidogo, maana vita vyenyewe vina mtu ambaye nyie wa Kisauni mnalitaja jina lake kila siku bila kujua. Aliyevichokoza ni Sir Bartle Frere. Ndiye yule aliyekuja Unguja mwaka 1873 kumbana Sultani Barghash aache biashara ya watumwa, na Freretown yenu imeitwa kwa jina lake. Miaka michache baadaye yuko Cape Town akiwa gavana, na Desemba 1878 akampelekea Cetshwayo, mfalme wa Wazulu, masharti ambayo hakuna mfalme angeyakubali, mojawapo avunje jeshi lake. Serikali ya London haikuwa imemtuma kuanzisha vita. Januari 11, 1879 majeshi ya Waingereza yakavuka mpaka wa nchi ya Wazulu.

Tarehe 22 Wazulu wakalifyeka jeshi la Waingereza pale Isandlwana, wakafa zaidi ya 1,300 wa upande wa Waingereza. Alasiri ya siku hiyohiyo, Dabulamanzi, ndugu yake mfalme, akavuka mto wa mpakani na watu kati ya 3,000 na 4,000, ingawa Cetshwayo alikuwa amekataza kuingia Natal, koloni la Waingereza. Wengi walikuwa watu wazima wenye wake na watoto, wamekimbia mwendo mrefu na matumbo matupu. Mbele yao kulikuwa na kituo cha misheni, Rorke's Drift, chenye askari wapatao 150, na zaidi ya thelathini kati yao ni wagonjwa.

Nyumba ya mmisionari ndiyo iliyokuwa hospitali, imeezekwa nyasi. Reynolds alikuwa kapanda mlimani na wenzake wawili kutazama Isandlwana kwa mbali. Wakaona watu weusi wanakuja, wakadhani ni askari wao wa Natal. Walipotambua, walishuka mbio. Ngome ilijengwa papo kwa papo kwa magunia ya mahindi na masanduku ya biskuti. Usiku kucha daktari aliinama kwenye majeruhi barazani mwa ghala, risasi zinapita juu. Hospitali ilipoishiwa risasi, yeye ndiye aliyejitolea kuzibeba kutoka ghalani, akikatiza uwanja uliopigwa kutoka pande mbili, kwenda na kurudi. Risasi moja ilipiga kofia yake. Kambwa kake, Dick, kalikuwa naye muda wote.

Kwa hiyo, ndiyo, mimi nauhesabu ushujaa. Mtu aliyekuwa na kazi ya kufunga vidonda halazimiki kubeba risasi, na yeye alibeba. Lakini mwambie mwanao asiishie hapo kama vitabu vingi vinavyoishia. Kulipokucha, Waingereza 15 walikuwa wamekufa na wawili wakafa baadaye kwa majeraha. Maiti za Wazulu zilizohesabiwa zilipita 350, na majeruhi wao waliokutwa wamelala nyasini waliuawa palepale. Misalaba 11 ilitolewa kwa usiku ule. Mimi siwezi kusimulia misalaba hiyo bila kusimulia wale wa nyasini.

Reynolds alikuwepo pia Ulundi, mji mkuu wa Cetshwayo, Julai 4, Wazulu waliposhindwa kabisa. Aliyeigawa nchi yao vipande 13 baada ya hapo alikuwa Jenerali Wolseley, naye mzaliwa wa Dublin. Unaona basi, mama: Waairishi hawakuwa wabeba bunduki tu, wengine walishika kalamu na ramani. Sidhani kama wale wa tabaka la Reynolds na Wolseley walijiona wametawaliwa. Himaya waliiona yao.

Reynolds alistaafu mwaka 1896 akiwa luteni kanali. Ireland ikajipatia dola yake mwaka 1922 yeye yu hai bado, lakini alifia London, Machi 1932, akiwa na miaka 88, akazikwa makaburi ya Wakatoliki ya Kensal Green.