Sufuria zako ni safi, mwanangu

"Shangazi, nimeolewa miaka mitatu, tunaishi Nakuru. Kila nikitia dania kwenye kachumbari, mume wangu anasukuma sahani akisema inanuka sabuni. Mama mkwe alipotutembelea akaonja, naye akasema sabuni, kisha akawaambia mawifi zangu kwamba sijui kusuuza vyombo. Ajabu ni kwamba pilau la mamake lina dania, na mume wangu analila mpaka ukoko! Wananionea? – Mke wa Lawama"

Mwanangu, pole. Kuambiwa vyombo vyako vichafu kunauma kuliko kofi. Lakini naona hakuna anayekudanganya hapo, wala hujakosea kusuuza.

Majani ya dania yana kemikali za jamii ya aldehaidi, na nyingine za jamii hiyo zimo kwenye sabuni. Hata kunguni hutoa za aina hiyo, kwa hiyo shukuru mama mkwe alitaja sufuria, hakutaja kitanda.

Sasa njoo kwenye pua. Binadamu tuna jeni, yaani vinasaba tunavyorithi kwa wazazi, zipatazo 400 za vipokezi vya harufu, na jeni hizo hutofautiana kati ya mtu na mtu. Linda Buck na Richard Axel, waliozigundua, walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2004. Mwaka 2012 watafiti wa 23andMe, kampuni ya Marekani ya kupima vinasaba, waliangalia watu zaidi ya 25,000 wenye asili ya Ulaya, wakakuta kwamba wanaosikia sabuni kwenye dania mara nyingi wana tofauti fulani karibu na jeni OR6A2, ambayo kipokezi chake hunasa aldehaidi kwa urahisi. Mama na mwana kulalamikia kitu kimoja hakunishangazi hata kidogo.

Ila usikimbilie kusema ni damu ya ukoo tu. Watafiti hao hao waliona mchango wa urithi ni mdogo. Mazoea nayo yamo: je, mama mkwe alipika na majani hayo hata siku moja mumeo akiwa mtoto? Muulize. Mimi dania naitafuna hata bila ugali, lakini nimelelewa nayo.

Na lile pilau? Humo mna mbegu, si majani. Dania ikikomaa, harufu ile ya aldehaidi hupungua na mbegu hubaki na harufu nyingine kabisa, tamu. Kwa hiyo hapo hakuna upendeleo wa mapishi ya mama.

Mama mkwe akija tena, mpokee na fungu la dania mbichi kutoka sokoni, kabla sufuria yoyote haijaguswa. Mwambie, "Mama, hebu nusa." Akisema sabuni, vyombo vyako vimeshajitetea vyenyewe. Kachumbari ya mumeo mtengee kabla hujatia dania. Kwenye mchuzi, jaribu kuyaponda majani kwanza, maana yakipondwa ukali wake hushuka.

Mawifi usiwajibu wewe. Aende mumeo, kwani yeye ndiye aliyeanza hii habari ya sabuni.