Ngoma, Goma na Kibao

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, vijana wangu huuita kila wimbo wenye mdundo wa kuchezeka "ngoma", na ukiwakolea sana huuita "goma". Mimi najua kwamba ngoma ni ala ya kupigwa. Je, huku si kuiharibu lugha? Na maneno hayo yanatofautianaje na "kibao" na "chuma"?

JIBU: Ndugu msomaji, ngoma haijawahi kuwa jina la ala peke yake. Mswahili anayesema "leo usiku kuna ngoma" hatangazi chombo kilichowambwa ngozi, bali shughuli nzima pamoja na wapigaji, waimbaji na wachezaji wake. Vijana wameisogeza maana hiyo hatua moja tu, kutoka kwenye shughuli hadi kwenye wimbo unaoichangamsha, hata kama mdundo wenyewe umetengenezwa kwa kompyuta.

Goma nalitetea kwa moyo wote, kwa sababu limefuata kanuni ya ukubwa: nguo huwa guo, ng'ombe huwa gombe, na ngoma huwa goma. Tena si geni hata kidogo, kwani huko Lamu goma ni mchezo wa wanaume wanaocheza na bakora mikononi. Ninalolisahihisha ni upatanisho. Wengi husema "goma hii mpya", ilhali neno limekwisha kuhamia ngeli ya li-ya, hivyo tuseme "goma hili jipya" na "magoma haya mapya".

Kibao hakidai mdundo. Wimbo wa taratibu wa mapenzi nao ni kibao, mradi umependwa. Chuma, sawa na jiwe, husifu uzito wa kazi, kwa hiyo anayesema kwamba msanii fulani "ameachia chuma" hajatuambia bado kama tutacheza au tutasikiliza tumeketi.

Yapo pia majina yasiyofaa kuchanganywa na hayo. Singeli ni mtindo uliozaliwa Dar es Salaam, ambao mapigo yake huvuka 200 kwa dakika. Sebene ni ile sehemu ya rumba ya Kongo ambapo uimbaji hupungua, magitaa yakashika kasi na watu wakaingia uwanjani. Ndiyo maana napendelea kusema kwamba wimbo "una sebene", si kwamba "ni sebene". Katika insha ya shule, vijana wako waandike "wimbo wa kuchezeka". Wanapozungumza wao kwa wao, waachie goma lao.